Msumari wa Arvid

Puk.

Hiyo ndiyo sauti ya kwanza ambayo Hillary Ekiru anaikumbuka maishani mwake: kichwa cha samaki kikishushwa juu ya msumari. Baba yake alikuwa amepigilia msumari mrefu kwenye ubao, ncha ikitazama juu, na ubao akauweka kivulini nyuma ya nyumba yao ya mabati pale Kalokol, magharibi mwa Ziwa Turkana. Alikishika kichwa cha mbuta kwa mikono miwili, akakishusha kwa nguvu, puk, msumari ukatokeza kooni. Kisu kikapita chini ya taya mara moja tu, ulimi ukaanguka ndooni. Halafu akamkabidhi mtoto kisu. Mtoto hata shule alikuwa hajaanza.

"Kwetu," baba alimwambia kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, "hii kazi ya watoto. Wakubwa wanavua, watoto wanakata ndimi. Februari samaki wanakuja, watoto wote damu mpaka hapa." Akajigusa kiwiko. "Wewe na mimi tutarudi nyumbani. Utaona."

Baba huyo aliitwa Arvid. Alikuwa Mnorwe, amekuja Turkana na mradi wa kufundisha uvuvi, na wavuvi walimheshimu kwa sababu injini iliyokufa ilifufuka mkononi mwake. Lakini ubao ule waliupita kwa mbali. Hakuna mtu wa ziwa lile aliyewahi kula ulimi wa samaki, na mzungu anayemfundisha mwanawe kukata ndimi za viumbe waliokwisha kufa, hilo halikuwa jambo la kutazama mara mbili.

Mwaka 1990 serikali ya Kenya na ya Norwe zilikosana na Wanorwe wakafungasha. Arvid aliondoka asubuhi kwa gari la mradi, akiwa ameahidi kutuma tiketi mbili. Tiketi hazikuja. Kilichobaki ni ubao, kisu kidogo, na neno lile, *tutarudi*. Hillary alilibeba neno hilo akiwa mtoto, akalibeba akiwa kijana, na hakuona ajabu yoyote kutamani kurudi mahali ambapo hajawahi kufika. Usiku wa joto kali alilala akiwaza theluji kama mtu anayewaza kitanda chake mwenyewe.

Wavulana wa shule walimwuliza, "Wewe mzungu wa Kalokol, baba yako bado yuko dukani ananunua chumvi?" Wa kwanza kuuliza alipoteza meno. Wa pili alikimbia akiwa ameshika sikio. Mwalimu alimchapa Hillary kwa ajili ya wote wawili, na Hillary akajifunza kwamba ngumi ni jibu ambalo halihitaji kufikiriwa. Aliporudi nyumbani na damu kwenye shati, mama yake aliliosha. Mama alikuwa na kovu lililoukata unyusi wa kushoto katikati. Alisema kasia la mtumbwi lilimpiga. Hillary alimwamini, kama mtu anavyoamini kwamba ziwa lina ng'ambo.

London alifika akiwa na miaka ishirini na kidogo. Akaoa nesi Mkenya, Lorraine, na kwa miaka kadhaa walikuwa na furaha yao katika fleti ndogo ya Wembley. Hakuwahi kumpiga. Siku moja tu, wakibishana jikoni, ngumi yake ilipita karibu na sikio la Lorraine na kutoboa mlango wa kabati. Lorraine alitazama lile tundu. "Siku nyingine utakosea shabaha," akamwambia, akaenda kufunga nguo zake.

Kazi aliyodumu nayo ni ya kukata samaki katika duka la Jaspal. Jaspal ni kalasinga aliyezaliwa Kisumu, anaishi Stanmore katika nyumba yenye waridi mbele, na Kiswahili chake bado kinanuka vumbi la Kisumu. Kwenye kaunta ya pesa anakaa Kijakazi, mama wa Lamu mwenye ulimi mkali na moyo mpana. Watu wa Kongo na wa Nigeria huja kununua vichwa vya wale samaki wakubwa wa bahari ya baridi, ambao Waingereza hula minofu yao na chipsi. Kabla ya kuuza kichwa, Hillary hukata ulimi. Alipigilia msumari wake mwenyewe kwenye ubao, nyuma ya duka, jinsi alivyouona ule wa kwanza.

"Msumari huo utaniletea mkaguzi wa afya," Jaspal humwambia kila wiki. "Omera, ndugu yangu, hebu ung'oe."

"Ung'oe wewe, mzee."

"Mimi niuguse? Mimi nina wajukuu."

Na Kijakazi kutoka kwenye kaunta: "Kaka Hillary, hizo ndimi unazokwenda kukaanga, hazikusemeshi usiku? Sisi kwetu samaki tunamla mzima, lakini hatumwingilii kwenye maneno yake."

Ni ubao huo uliomfungulia njia. Mzee mmoja wa Kinorwe, aliyekuja London kumtembelea binti yake, aliingia kununua kamba, akasikia ile sauti. Puk. Alisogea mpaka mlango wa nyuma, akasimama akitazama mikono ya Hillary. Akamwuliza kwa Kiingereza ni nani aliyemfundisha. Kwao, alisema, kila mtoto wa pwani ya kaskazini anajua kazi hiyo, na hajapata kuiona kwingine kokote. Hillary alitaja jina la Arvid, na kwamba mkono wake wa kushoto ulikosa vidole viwili. Mzee alirudi kwao, akauliza huku na huku. Kabla ya majira kubadilika, simu ya Hillary ililia, na mwanamke akasema, "Naitwa Ragnhild. Nadhani mimi ni dada yako."

Arvid alikuwa amekufa zamani. Ilikuwa imebaki nyumba, kwenye kisiwa cha kaskazini, juu ya mawe, na banda la mashua chini yake. Ragnhild alikuwa mwenye nyumba. Hillary alimwuliza jambo moja, na aliliuliza kama mtu anayeomba maji: je, anaweza kurudi nyumbani?

"Nitakuja kwanza nikuone," Ragnhild akasema.

Sasa ni lazima isemwe habari ya Douglas. Huyu alikuwa mtu wa mtaa ule, mnene wa shingo, ambaye siku moja kwenye kituo cha basi alimwambia Hillary arudi alikotoka. Pengine hakuna maneno mabaya zaidi ya kumwambia mtu asiyejua alikotoka ni wapi. Hillary alimvunja taya. Hakimu alimhukumu kifungo, kisha akakiahirisha kwa miaka miwili: kikipita bila kosa, ataachwa, akimpiga mtu tena, anaingia ndani. Douglas alikuwepo mahakamani, taya limefungwa waya, na alisikia vizuri kabisa.

Tangu taya lipone, alikuwa akija dukani. Hakununua kitu. Alisimama mbele ya barafu na kutoa shavu lake.

"Haya, bwana samaki. Hapa. Hapa hapa palipo na chuma. Nipige."

Hillary aliendelea kukata.

"Kisu kikubwa hivyo na mkono umekufa? Nipige, bwana. Nikununulie safari ya jela."

Kijakazi alimfukuza kwa ufagio mara moja. Jaspal aliwaita polisi, nao wakasema kusimama dukani si kosa. Hillary aliuma meno. Kila Douglas alipotoka, alikwenda nyuma, akachukua kichwa kikubwa kuliko vyote, akakishusha, puk, kwa nguvu ambayo kichwa hakikuihitaji.

Ragnhild alikuja mwezi wa Novemba. Alikuwa mwanamke mrefu wa miaka hamsini, nywele fupi za kijivu, macho ya Arvid. Hillary alipomwona mlangoni pa duka alisahau kuvua glavu, akamshika mkono kwa damu ya samaki, na yeye hakuufuta.

"Dada," alimwita kwa Kiswahili, kwa sababu kwa Kiingereza neno lilikuwa jepesi mno.

"Maana yake nini?"

"Maana yake ni wewe."

Alikaa siku zake za London juu ya kreti la plastiki nyuma ya duka, akinywa chai ya Kijakazi yenye tangawizi na kumtazama Hillary akifanya kazi. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Hillary ndiye aliyeuliza: nyumba ina rangi gani, baba alicheka vipi, aliwahi kumtaja?

"Aliwahi kukutaja," Ragnhild alisema. "Akilewa. Alilia, akasema ana mtoto jangwani anayekata ndimi vizuri kuliko mimi. Kisha akanipiga kwa sababu hiyo."

Kisu cha Hillary kikasimama.

"Mama yangu alikuwa akiteleza," Ragnhild akaendelea, akiitazama chai. "Ndivyo tulivyosema. Ameteleza kwenye barafu. Mkono umevunjika, ameteleza. Jicho limefumba, ameteleza. Daktari wa kisiwa aliandika hivyo kila baridi. Mara moja aliteleza mwezi wa Julai, na daktari akaandika hivyo hivyo. Mimi nilikuwa nasimama kando ya mama na kusema, ndiyo, daktari, nilimwona akiteleza. Nilikuwa nasema vizuri sana. Nilisifiwa."

Nje, basi lilipita na vioo vikatetemeka. Hillary aliona unyusi wa mama yake, uliokatwa katikati. Aliona kasia. Alijaribu kukumbuka kama mtumbwi wao uliwahi kuwa na kasia; mashua ya Arvid ilikuwa na injini.

"Nilidhani ametuacha," akasema.

"Aliwaacha. Shukuru." Kisha akamtazama usoni kwa mara ya kwanza bila kuficha. "Nyumba ile nimeipaka rangi upya mwenyewe, chumba kwa chumba. Nimelala humo peke yangu mpaka nikaacha kusikia hatua zake. Nataka uje. Lakini sitamrudisha yeye ndani kwa mlango wa mbele. Umenielewa? Niambie mkono wako ukoje."

Angeweza kusema uongo. Alimweleza habari ya kabati la Lorraine na habari ya taya la Douglas. Alimweleza hukumu ya hakimu. Ragnhild alisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa taratibu kama mtu anayepima uzito wa samaki kwa mkono.

"Na sasa?"

"Sasa anakuja kila wiki, na mimi ninakata samaki."

Siku ya kuondoka Ragnhild aliingia dukani mchana na begi lake. Akavua shingoni uzi mnene wenye ufunguo, ufunguo mzito wa chuma wa zamani, akauweka juu ya barafu, kati ya kamba na ngisi.

"Februari," alisema. "Samaki wanapofika. Watoto watakucheka, mtu mzima unakata ndimi. Njoo."

Jaspal alifuta macho akasingizia vitunguu, ingawa dukani hakukuwa na vitunguu. Kijakazi akapiga kigelegele kifupi. "Kaka Hillary! Anakwenda kuganda kama ngisi! Nitakufumia fulana ya sufu, usije ukatuletea aibu."

Hillary hakuugusa ufunguo bado. Aliogopa mikono yake ilikuwa michafu. Alikuwa amegeukia bomba anawe, ndipo mlango ukasukumwa.

"Kuna sherehe?" Douglas akauliza.

Alitembea mpaka kwenye barafu, akatazama sura ya Ragnhild, kisha ya Hillary, kisha tena ya Ragnhild. Akaona kile ambacho watu wote walikiona, yale macho.

"Hii nini sasa? Mmetoka tumbo moja?" Alicheka. "Mama, huyu ni ndugu yako? Nyumbani kwenu wanafuga hawa?"

"Toka," Ragnhild alimwambia.

"Nipige, bwana samaki. Mbele ya dada."

Hillary alishika ukingo wa sinki kwa mikono yote miwili. Maji yalikuwa yanatiririka. Aliwaza Februari. Aliwaza ufunguo uko juu ya barafu na kwamba ni hatua chache tu, na kwamba mtu huyu atachoka, huchoka kila mara, ataondoka.

Douglas aliuokota ufunguo. "Na hii ya nini?"

Ragnhild alinyoosha mkono kuuchukua. Douglas akamsukuma kifuani kwa kiganja, kama mtu anayefungua mlango. Mguu wa Ragnhild ulikosa nafasi, mgongo wake ukagonga ukingo wa kaunta, na barafu na samaki vikamwagika juu yake alipoanguka.

Ngumi ya kwanza ilimpata Douglas pale pale palipokuwa na chuma. Hiyo moja, kila mtu angeielewa. Hata hakimu pengine angeielewa. Douglas alianguka chini ya rafu, ufunguo ukamtoka, na hapo ndipo ilipopaswa kwisha. Hillary alimfuata chini. Alimpiga yule mvulana wa chumvi, alimpiga wa kituo cha basi, alimpiga Arvid, na kila pigo lilikuwa na jibu lake la mfupa. Pua ilipasuka. Kijakazi alikuwa anapiga mayowe, "Hillary, wacha! Wallahi utaua!" Jaspal alimrukia mgongoni akatupwa kando kama gunia.

Hakuna aliyejua jinsi alivyomburuta mpaka nyuma. Mikono ilikuwa inaijua njia. Dole gumba chini ya taya, vidole nyuma ya fuvu, jinsi anavyokishika kichwa kizito chenye utelezi, na Hillary akakinyanyua kichwa cha yule mtu juu ya ubao, juu ya ile ncha iliyong'aa kwa miaka ya kazi. Douglas hakuwa anatukana tena. Alitoa sauti nyembamba, kama mtoto aliyeamka gizani. Hillary aliisikia puk kabla haijatokea. Aliisikia masikioni, mabegani, kwenye viwiko.

Alimtafuta dada yake kwa macho, sijui kwa nini. Labda ili aone kwamba amemlipizia.

Ragnhild alikuwa pale pale chini, kwenye barafu iliyomwagika. Hakuwa anamtazama Douglas. Alikuwa amejikunja, magoti yamegusa kidevu, mikono yote miwili imefunika kichwa, vidole vimefumana kisogoni. Hakulia, na hakuita mtu. Alikaa hivyo kwa ustadi, kama mtu aliyejifunza kazi tangu utotoni.

Mikono ya Hillary ikafunguka. Douglas aliteremka ubavuni mwa ubao, akalala sakafuni akikohoa damu. Hillary aliung'oa msumari. Uliingia kwa nyundo na ukatoka kwa vidole vitupu, ngozi ikabaki juu yake, kisha akakaa chini na kuuweka kando yake.

Ambulensi ilimchukua Douglas. Alikuwa hai, jicho moja wazi, taya limekwenda upande. Polisi waliokuja walikuwa wawili, mwanamke mmoja na mwanamume mmoja, wakikanyaga kwa uangalifu kati ya samaki. Jaspal alikuwa amewaleta watu wake wote pamoja kwa macho tu, kama mchungaji. Hawakuwa wamesemezana neno, lakini Kijakazi alikwisha kumwaga ndoo ya maji mahali palipokuwa na damu.

"Nani ameona kilichotokea?" polisi mwanamke akauliza.

Ragnhild alisimama. Alikuwa na magamba ya samaki kwenye nywele. Sauti yake ilitoka imenyooka, nyororo, sauti ya mtoto mwenye adabu.

"Alinisukuma, nikaanguka," alisema. "Ndugu yangu alimsukuma aniache. Kisha yule mtu aliteleza. Kuna barafu, mnaona. Aliteleza, akagonga kaunta. Nilimwona akiteleza."

"Sakafu ya duka la samaki, ofisa," Jaspal akadakia. "Mimi mwenyewe nimeanguka hapa, nyonga ikapata ufa. Barafu!"

"Kila siku mtu anateleza hapa," Kijakazi akasema, huku akiubana ufagio.

Polisi aliangalia maji sakafuni, akaangalia mikono ya Hillary. Hakuonekana mtu wa kutafuta taabu. Kalamu yake ilikuwa tayari.

"Na wewe, bwana? Ndivyo ilivyokuwa?"

Hillary alimtazama dada yake. Ragnhild alimwitikia kwa kichwa, kidogo sana, na usoni mwake kulikuwa na tabasamu la kumtia moyo, tabasamu ambalo bila shaka daktari wa kisiwa alilijua vizuri. Miguuni pao, kati ya ngisi, ufunguo ulikuwa umelala katika barafu inayoyeyuka. Ulikuwa karibu. Angeinama tu. Chumba kwa chumba, alisema, mpaka nikaacha kusikia hatua zake.

Aliinama akauokota, akaufuta kwa aproni upande uliobaki safi, akauweka kwenye kiganja cha dada yake na kukifunga kiganja kile kwa vidole vyake vilivyochunika. Kisha akasema, kwa sauti ndogo hata polisi akalazimika kusogeza sikio:

"Hakuteleza."